Maswali ya Ujenzi: Unyevu Ukutani, Bati Linalovuja

SWALI: Nyumba yangu ya matofali ya saruji ya inchi 6 ina miaka saba. Rangi inabanduka kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, na unga mweupe unatoka. Nimekwangua, nikapaka puti na rangi ya mafuta mara mbili. Imerudi, na sasa imepanda juu zaidi. Naweza kurekebisha mwenyewe?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Sehemu kubwa ya kazi hii unaiweza, ila achana kabisa na puti na rangi ya mafuta. Unga huo ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali, yakifika usoni hukauka na kuiacha chumvi, nayo ikiganda chini ya rangi huisukuma nje. Ukiziba uso wa ukuta, maji hutafuta pa kutokea juu zaidi. Ndiyo maana alama imehama.

Kwanza thibitisha chanzo. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, kiache siku mbili. Jasho likiwa upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa. Likiwa nyuma ya nailoni, unatoka ukutani. Kisha funga mabomba yote uangalie mita ya maji: ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja, na hilo ndilo la kuanza nalo.

Sasa toka nje. Nailoni ya msingi, yaani ile inayolazwa kati ya msingi na ukuta kuzuia maji yasipande, inatakiwa iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Mara nyingi ipo, lakini imefukiwa na bustani au kifusi kilichomwagwa baada ya kuhamia. Chimba udongo huo uutoe. Lipu ya nje iliyoshuka kupita nailoni ikate, maana maji hupandia humo. Halafu mwaga zege jembamba kuzunguka nyumba, upana sentimita 60 hadi mita 1, likiinamia nje sentimita 2.5 kwa kila mita. Kama nailoni haikuwekwa kabisa, itabidi kukata kiungo cha chini cha tofali (saruji iliyo kati ya matofali) kwa vipande visivyozidi nusu mita, kupitisha nailoni nene ya geji 1000 na kushindilia saruji kabla ya kuhamia kipande kingine. Hapo mwite fundi mzoefu. Ukuta ukikatwa ovyo hupasuka.

Ndani, bandua lipu hadi sentimita 50 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Kwangua viungo vya matofali kina cha sentimita 1.5, kisha sugua kwa brashi ya waya, pakavu. Usioshe: maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Kifusi chote kitoe nje, usikichanganye kwenye lipu mpya.

Kinachofuata ndicho kinachowashinda wengi, yaani kusubiri. Ukuta hukauka kwa wastani wa mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo wako waweza kudai miezi sita. Uache wazi, madirisha yafunguliwe. Ukikimbilia kupiga lipu kabla ya masika, gharama yote imepotea.

Mchanganyiko wa lipu ni ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 ya chokaa ya ujenzi na ndoo 6 za mchanga wa mto. Mita 10 za mraba kwa unene wa sentimita 1.5 hula karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo moja na nusu ya chokaa na ndoo tisa za mchanga (ndoo za lita 20). Mchanga wa ufukweni ukatae hata ukipewa bure: chumvi yake hunyonya unyevu hewani ukizidi asilimia 75, na Pwani hilo ni jambo la kawaida. Lipu iishie sentimita 2 juu ya sakafu, isiguse. Mwagilia wiki moja, subiri wiki nne, kisha paka rangi ya maji isiyong'aa.

SWALI: Bati la mawimbi linavuja kwenye misumari. Niongeze misumari?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Hapana, utaongeza matundu. Angalia kama ilipigwa bondeni, maji yanakopita. Inatakiwa iwe mgongoni mwa wimbi, na mpira wake uguse bati vizuri bila kubonyezwa kupita kiasi. Ng'oa ya bondeni ukiweka kibao chini ya nyundo, sugua kutu, paka silikoni, kisha funika kwa kiraka cha bati kinachozidi tundu sentimita 3 kila upande na ukifunge kwa ribiti. Msumari mpya upige mgongoni, juu ya papi (mbao zinazobeba bati). Ukiwa juu, kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, na usipande bati likiwa limelowa.