Usipandishe mbuzi wa Simanjiro kwenda Kibosho

Mkuu uliyeuliza banda la mbuzi kumi ligharimu kiasi gani na maziwa utauza wapi, usitoe advansi kwanza. Hao mbuzi wa Kimasai unaotaka kununua Simanjiro, kwenye nyika kavu, ukiwapeleka Kibosho juu, mteremko wa Kilimanjaro karibu na msitu, utawazika. Mimi niliwapeleka wangu Old Moshi, mlima huo huo, masika yamekolea, kwa sababu dalali mmoja mnadani aliniambia "mbuzi ni mbuzi, baridi watazoea".

Hawakuzoea.

Unasema umeona video ya mbuzi wa Himalaya kwenye theluji. Wapo kweli. Wale wa Ladakh, India, wanaishi juu ya mita 4,000, lakini chini ya manyoya yao marefu kuna sufu laini inayoota kabla ya baridi kali, ndiyo hiyo inayofumwa pashmina. Mbuzi wa Kimasai hana sufu hiyo. Manyoya yake mafupi ni ya jua na ukame. Kibosho haina theluji, ina ukungu na mvua ya kutwa nzima. Analowa mpaka kwenye ngozi na hakauki.

Wangu walianza na kikohozi. Baadaye unamkuta kasimama, shingo kainyoosha mbele, miguu ya mbele kaitanua, povu linamtoka, kila akitoa pumzi anaguna. Bwana mifugo akasema homa ya mapafu, wametoka nayo huko huko mnadani kwenye kuchanganywa makundi, safari na baridi vikaipa nguvu. Na yule dalali alijua! Wawili walikohoa mbele yake tukiwa tunapakia, akasema ni vumbi la mnadani. Mtu anakuona unahesabu hela ya akiba, anakutazama usoni, anakwambia vumbi. Nilipompigia hakupokea tena.

Mbuzi wa kufugia mlimani anunuliwe mlimani. Tafuta chotara wa Toggenburg, mbegu iliyotoka milima ya Uswisi, lakini awe amezaliwa Kibosho au Uru, kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, anakula majani ya migomba tangu anaachishwa kunyonya. Ni ghali, najua. Nenda kwa mfugaji mwenyewe alfajiri kabla hawajapewa majani, simama nje ya banda usikilize. Ukisikia kikohozi hata kimoja, ondoka. Na huyo utakayemchukua mtenge wiki tatu kabla hajakutana na wenzake.

Kama advansi umeshatoa, kaidai leo, kabla hawajapakiwa.