Viungo vya Sphinx vinavyofungua ukurasa na kukuacha juu kabisa

Msomaji ameuliza kwa nini viungo vya nyaraka zake za Sphinx (programu inayogeuza maandishi kuwa kurasa za wavuti) hufungua ukurasa sahihi lakini havimfikishi kwenye sehemu aliyoikusudia. Tatizo liko kwenye kipande kinachofuata alama ya # katika anwani, yaani kitambulisho cha sehemu. Kivinjari kisipokiona hakilalamiki, kinafungua ukurasa basi, na kosa linakaa miezi.

Sphinx hutengeneza kitambulisho hicho kutokana na kichwa cha sehemu: herufi kubwa huwa ndogo, alama na nafasi huwa kistari, tarakimu za mwanzoni hukatwa. "2. Kung'oa programu" kinakuwa `#kung-oa-programu`. Kichwa hicho hicho GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, hukiita `#2-kungoa-programu`, kwa hiyo kiungo ulichonakili kutoka README (faili la utangulizi la mradi huko) kimekufa tayari. (Sisi wenye ng' tunaumia zaidi.)

Balaa kubwa ni vichwa vinavyojirudia. "Mfano" wa kwanza katika ukurasa hupata `#mfano`, wa pili `#id1`. Ukiongeza mwingine katikati, namba zinasogea na viungo vya watu vinaelekea kwingine.

Dawa ni kuandika lebo yako mwenyewe juu ya kichwa, ukiacha mstari mmoja mtupu:

```
.. _kuondoa-programu:

Kung'oa programu
================
```

Kisha elekeza kwenye lebo hiyo kwa `` :ref:`kuondoa-programu` ``. Sasa kichwa kibadilishe upendavyo. Katika lebo tumia kistari, maana `_` hugeuzwa kuwa `-` kwenye HTML. Wengi hukimbilia `autosectionlabel`, nyongeza ya Sphinx inayotunga lebo yenyewe kutokana na vichwa; mimi siipendi, kwa sababu lebo zake hufa kichwa kikibadilika. Ukiiwasha, weka `autosectionlabel_prefix_document = True`, la sivyo lebo za "Mfano" wa kurasa mbili zitagongana.

Kwa autodoc, nyongeza inayovuta maelezo kutoka kwenye msimbo wa Python, kitambulisho ni jina kamili, mfano `#duka.bei.Kikokotoo.jumla`, na herufi kubwa zinahesabika. Metodi isiyo na docstring (maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo wake) hurukwa, hivyo hakuna cha kuelekezea. Iandikie docstring, au weka `:undoc-members:`.

Kagua hivi kila unapojenga:

```
sphinx-build -n -W --keep-going -b html docs _build
```

`-n` hutaja marejeo yasiyopatikana, `-W` hugeuza onyo kuwa kosa. Lakini `-n` haioni viungo vilivyoandikwa kwa mkono kama `bei.html#mfano`. Hivyo vitafute kwa `grep -rn '\.html#' docs`, uvigeuze kimoja kimoja kuwa `:ref:`.