Jibu: Mtoto kutikisa kichwa akiongea na simu

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 3 akiulizwa kitu na bibi yake kwenye simu anatikisa tu kichwa, tena anamwonyesha gari lake la kuchezea. Si ukaidi. Bado hajang'amua kwamba anachokiona yeye, bibi hakioni. (Wangu alimpa shangazi yake biskuti kupitia simu, makombo yakajaa spika.)

Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha Maxi: kaweka chokoleti kabatini, katoka, mama yake kaihamishia kabati jingine. Akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka 3 kwa kawaida husema kule ilikohamishiwa, ingawa Maxi hakuona ikihamishwa. Wakifika miaka 4 au 5, wengi huanza kupatia.

Lugha inachangia mno hapa. Nchini Nikaragua, Amerika ya Kati, viziwi walianza kuunda lugha yao ya ishara shuleni miaka ya 1970. Watafiti Jennie Pyers na Ann Senghas walikuta watu wazima wa kundi la kwanza, waliokuwa na ishara chache za kujua na kudhani, wakikosea maswali ya aina hii kuliko vijana waliowafuata. Walipozipata ishara hizo, nao wakapatia.

Kwa hiyo mjaze maneno hayo. Kwenye hadithi muulize, "Fisi anadhani nyama iko wapi?" "Kumbe" nayo itumie sana, maana inabeba kosa la mawazo zima kwa neno moja. Na simu ikipigwa: "Bibi hakuoni, mwambie gari lina rangi gani."