Nilinyonya dizeli kwa mpira, maziwa yakazidisha balaa

Mkuu, pole sana. Umesema mdogo wako kapiga fundo la tina (ile ya kuchanganyia rangi) iliyowekwa kwenye chupa ya maji mkiwa mnapaka rangi madirisha, na nyumbani wanabishana apewe maziwa au atapishwe. Vyote viwili hapana. Mpeleke hospitali sasa hivi, na ubebe kopo la tina lenye maandishi yake. Haya mengine usome mkiwa njiani.

Mimi yangu ilikuwa dizeli. Mwezi wa saba, Mafinga, baridi ile ya vidole kukataa kukunjuka. Mchwa walikuwa wamekula kenchi za jiko la nje, nikawa naweka mbao mpya za paina. Huku kwetu tunazipaka oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Dumu la lita 20 lilikuwa limejaa, nikaona nikiliinamisha nitamwaga, nikachukua mpira nikanyonya. Miaka yote nanyonya hivyo hivyo. Siku hiyo ikaja kwa kasi, fundo likapita, nikapaliwa.

Kupaliwa ndiko kulikoniponza. Fundo lenyewe wala.

Mama mkwe akaja mbio na kikombe cha maziwa. Mama mkwe unamkatalia vipi? Nikanywa. Haikupita muda nikayatapika yote yananuka dizeli, nikapaliwa mara ya pili. Halafu wakanisogezea jiko la mkaa nipate joto, na sweta limelowa dizeli! Nikikumbuka hilo mpaka leo nywele zinasimama.

Usiku nikakohoa, nikasingizia baridi. Alfajiri homa, kifua kinabana, napumua juu juu. Hospitali wakanipiga picha ya kifua, wakaniwekea oksijeni, nikalala siku nne.

Daktari wa zamu alinifafanulia hivi: tina, petroli, dizeli na mafuta ya taa ni vyepesi, vinateleza. Fundo moja likibaki tumboni mara nyingi halina makubwa, ila kidogo tu kikiingia mapafuni kinayaunguza, unapata nimonia. Ukimtapisha mtu unayapitisha mlangoni pa mapafu kwa mara ya pili. Na dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, kwa hiyo akisema "niko poa" usimwache nyumbani. Wenyewe huwa wanamweka mtu chini ya uangalizi kama saa 6 hivi hata akiwa hana dalili.

Kwa sasa asuuze mdomo na kutema, avue nguo iliyolowa, akae wima, asilale chali. Moto na sigara mbali.

Aliyeuliza hapo juu kuhusu mtu aliyekunywa maji ya betri: ile ni asidi, inaunguza koo ikishuka na ikipanda, kwa hiyo naye asitapishwe, aende hospitali.

Mkuu, anakohoa au bado? Mkifika tuambie.