Mtuhumiwa yuko Zambia, magamba yako Kasumbalesa: mahakama ya Lubumbashi ina uwezo gani?

SWALI: Mimi ni wakili kijana hapa Lubumbashi, na ninawakilisha shirika la uhifadhi linalodai fidia katika kesi ya magamba ya kakakuona. Lori lilikamatwa Kasumbalesa, mpakani, likielekea Zambia, na dereva amewekwa kizuizini. Simu yake inaonyesha kwamba aliyemtuma na kumlipa ni Mkongomani anayeishi Kitwe, Zambia. Polisi wa upande wa pili wamemtumia afisa wetu picha na majina kwa WhatsApp. Mwalimu, je, huyo aliyeko Kitwe anaweza kuhukumiwa huku? Na hizo picha zina uzito gani mbele ya hakimu?

JIBU: Mheshimiwa Wakili, sehemu ya kwanza ya swali lako ni nyepesi kuliko inavyoonekana, na ya pili ni nzito zaidi.

Kuhusu uwezo wa mahakama, njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba kosa lilitendeka Kongo, kwa sababu magamba yalikusanywa, yakapakiwa na kusafirishwa katika ardhi yetu. Aliyetoa amri na fedha kwa simu akiwa Kitwe anahesabiwa kuwa mshiriki wa kosa hilo, hata kama mguu wake haukuvuka mpaka. Ya pili ni kifungu cha 3 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoruhusu kumshtaki mtu aliyetenda nje ya nchi kosa ambalo sheria yetu inaliadhibu kwa kifungo cha zaidi ya miezi miwili. Mimi ningeanza na ya kwanza, kwa kuwa ina masharti machache. Kifungu cha 3 kina mlango unaoweza kufungwa upesi: mtu akithibitisha kwamba amekwisha kuhukumiwa nje kwa hukumu ya mwisho na kutumikia adhabu yake, hashtakiwi tena hapa. Kwa hiyo ni muhimu waendesha mashtaka wa pande mbili wakubaliane mapema ni nani atakayemshughulikia mkuu wa biashara, kabla upande mmoja haujamaliza naye kwa kosa dogo la kumiliki nyara.

Sasa picha za WhatsApp. Maafisa wa nchi mbili wanaruhusiwa kupashana habari, tena ni jambo jema, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Uhalifu wa Kupangwa wa Kimataifa, unaojulikana kama Mkataba wa Palermo, unakubali nchi kutoa taarifa kwa hiari hata kabla ya kuombwa. Kongo na Zambia zote mbili zilijiunga nao mwaka 2005. Lakini habari hiyo inamsaidia mpelelezi kujua pa kutazama, basi. Ili iwe ushahidi, lazima iombwe kwa njia ya msaada wa kisheria: mwendesha mashtaka anaandika ombi, linapitia Wizara ya Sheria Kinshasa, linafika kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mjini Lusaka, likiwa limetafsiriwa kwa Kiingereza, nalo jibu linarudi likihitaji kutafsiriwa kwa Kifaransa.

Hapo ndipo kesi nyingi za namna hii hukwama, na hazikwami kwa sababu mikataba imekosekana. Ofisa wetu wa polisi wa upelelezi, OPJ, anaweza kumshikilia mtu kwa saa 48 tu kwa mujibu wa kifungu cha 18 cha Katiba. Baadaye kizuizi cha muda huanza na siku 15, kisha huongezwa mwezi kwa mwezi. Ombi linalozunguka ofisi nne litamkuta dereva amekwisha kuachiliwa au kuhukumiwa peke yake. Kwa bahati nzuri kifungu cha 18 cha Mkataba wa Palermo kinaruhusu, jambo likiwa la haraka na nchi husika zikikubaliana, ombi lipitie Interpol, na hata litolewe kwa mdomo mradi lithibitishwe kwa maandishi mara moja. Mwombe mwendesha mashtaka aitumie nafasi hiyo wiki ya kwanza, asingoje faili ijae.

Ili mkataba huo utumike, faili yenyewe lazima ionyeshe mambo mawili. Kwanza, kosa liwe zito, yaani adhabu yake ya juu isipungue miaka minne. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile inatosha hapo. Pili, pawe na kundi la watu watatu au zaidi walioshirikiana kwa muda fulani. Soma hati za mahojiano ukitafuta hilo: mara nyingi utakuta ameandikwa dereva tu, wakati aliyepakia mzigo na aliyepokea fedha wametajwa kwa majina ya utani bila kuulizwa zaidi. Omba wahojiwe upya.

Lipo pia jambo la desturi mbili za kisheria. Kwetu hakimu anafanya kazi juu ya faili iliyoandikwa. Zambia inafuata mapokeo ya Kiingereza, ambako shahidi husimama na kuulizwa na upande wa utetezi. Ikiwa mwishowe kesi itasikilizwa kule, hati nzuri ya OPJ haitatosha. Lazima ijulikane nani alifungua gunia, nani alipima, nani alitia lakiri, na kila mkono uliopokea kielelezo baada ya hapo, tena watu hao wawe tayari kusema wenyewe, kwa video ikibidi.

Usitegemee Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1994, ule wa kupambana na biashara haramu ya wanyamapori na mimea, na kikosi chake cha Nairobi. Zambia ni mwanachama, na jina la Kongo limo katika orodha, lakini hiyo ni Kongo-Brazzaville.

Kuhusu kumrudisha mtu wako kutoka Kitwe, yeye si raia wa Zambia, kwa hiyo kikwazo cha uraia hakipo, na biashara ya kakakuona imekatazwa pande zote mbili: aina zote nane zimo katika Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu uamuzi wa mwaka 2016. Mkataba wa Palermo unaweza kuwa msingi wa ombi, ila kila nchi ilitakiwa itangaze kama inaukubali kwa kazi hiyo. Hakikisha tamko la Zambia kabla hujamshauri mteja wako. Kumhukumu akiwa hayupo mahakamani kunawezekana pia, lakini mtu akikamatwa baadaye ana haki ya kuipinga hukumu hiyo, na shirika lako litarudi kuthibitisha yale yale wakati mashahidi wamekwisha kutawanyika.