Thailand walijenga hospitali kwanza

Si utajiri uliowapa Thailand matibabu kwa wote. Mpango wao wa matibabu, ulioitwa wa baht 30 (baht ni sarafu yao), ulienea nchi nzima 2002, miaka mitano tu baada ya uchumi wao kuporomoka. Kilichowabeba ni hospitali za wilaya zilizojengwa vijijini zamani, na sheria ya kuwapeleka madaktari wapya huko. Halafu pesa zilitoka kwenye kodi: muuza samaki hakudaiwa mchango, alilipa baht 30 akifika dirishani. Hapa Kenya, SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, inamtaka mtu wa jua kali alipe mchango wa mwaka mzima mapema, na hapo ndipo wengi wanakwama. Ila hata Thailand, hospitali nyingi zililia bajeti finyu miaka ya mwanzo.