Bibi anasema nyumba haina neno

SWALI: Shikamoo fundi. Mwisho wa wiki ijayo wajukuu wote tunakwenda kwa bibi, mzaa mama, pamoja na watoto wetu. Anaishi peke yake na nyumba imechoka. Mlango wa chumbani unakwaruza sakafu, koki ya jikoni inadondosha maji usiku kucha, dari ina doa na rangi ya ukumbini imechafuka. Kaka yangu anataka tupake rangi nyumba nzima. Bibi kila tukimpigia anasema, "Njooni mnisalimie tu, nyumba haina neno." Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako rangi ingoje kwanza, maana huo uchafu wa ukumbini nina hamu nao kuliko hata koki.

Mkifika, kaeni, salimianeni, muacheni bibi afurahi. Vifaa vibaki kwenye gari. Mzee anaposema nyumba haina neno, mara nyingi anaogopa mambo mawili: kuwaingiza gharama, na kuambiwa kwamba hawezi tena kuishi peke yake. Ukiingia na futi ya kupimia mkononi umeshamtia hofu.

Baadaye tembea naye polepole kutoka kitandani hadi chooni, njia anayopita usiku, na utazame ukuta. Ukiona alama nyeusi, laini, iliyong'aa kwa mafuta ya mkono, usawa wa kiuno au juu kidogo, basi hapo ndipo anaposhika asianguke. Mkipaka rangi mtakuwa mmeifuta ramani nzima. Hapo wekeni mhimili wa kushika, yaani bomba imara linalofungwa ukutani. Skrubu ziingie ndani ya tofali lenyewe, maana lipu peke yake haishiki kitu. Kama ukuta ni wa mbao, zikamate nguzo. Kisha mwenye mwili kuliko wote auvute kwa uzito wake wote kabla bibi hajaugusa. Chooni na bafuni vivyo hivyo. Bomba la kuanikia taulo halikutengenezwa kubeba mtu, hata likionekana imara.

Njia hiyo pia iwe na mwanga. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo taa mnayoiona ninyi inatosha, kwake ni giza. Badilisheni balbu, na zulia linalojikunja pembeni liondoke, ila aridhie mwenyewe.

Mlango, msikimbilie randa. Kagueni bawaba ya juu kwanza: skrubu zake zikilegea, mlango huinama na kona ya chini upande wa kitasa ndiyo inayokwaruza. Kazeni. Kama tundu limepanuka na skrubu inazunguka bure, gongeeni kijiti cha mbao kilichopakwa gundi, kikateni usawa wa fremu, gundi ikauke, kisha rudisheni skrubu. Mbao hutanuka wakati wa unyevu. Mkipiga randa leo, wakati wa ukavu mtabaki na mwanya.

Koki ni kazi ndogo: fungeni maji, fungueni koki, badilisheni mpira uliochakaa ndani.

Watoto wapeni kazi ya kweli. Mmoja ashike tochi, mwingine atenganishe skrubu kwa ukubwa. Bibi naye awe msimamizi, aseme kipi kianze. Na chochote mtakachosogeza, kigoda, ndoo, hata sanduku kuukuu, kirudi palepale kilipokuwa. Gizani anakijua kwa mkono, na kikihama hatua moja tu kinaweza kumwangusha. Hili nawasihi sana, kwa sababu vijana wenye nia njema hupanga nyumba upya na kuondoka.

Doa la dari waachieni wenye kazi. Maji huingia mahali pamoja, yakafuata boriti, yakadondokea mbali, na kupanda paa huku watoto wanacheza chini sikushauri kabisa. Nyaya za umeme pia ni hivyo hivyo. Mtafuteni fundi mnayemwamini na mumlete mkiwa bado mpo, azungumze na bibi na kukubaliana naye siku ya kazi, ili atakapobisha hodi bibi awe anaijua sura yake.